Somo: Kuieleza Kazi Yako Unapoomba Kazi

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukifika langoni kuomba kazi husema, "Nitafanya kazi yoyote." Twadhani huo ni unyenyekevu. Mwajiri yeye husikia mtu asiye na ujuzi, akampangia mshahara wa chini.

Aliyechuma chai miaka sita ajua kuchagua majani mawili na chipukizi, na pengine ameshika mashine ya kuchumia. Na aseme hivyo hivyo, pamoja na miaka yenyewe.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila anayeacha au kuachishwa kazi baada ya majuma manne mfululizo au zaidi. Tusione haya kukidai. Cheti hutaja aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Sifa zako mwajiri halazimiki kuziandika. Hizo utazisema mwenyewe.

Ukiulizwa kwa nini uliacha, jibu kwa ufupi na kweli: "Mashine zilipoletwa, tulipunguzwa." Usimtukane bwana wa zamani, hata akistahili. Kisha nawe uliza mshahara na saa za kazi, kabla ya kutia sahihi.