Kununua Sarafu za Kale Mtandaoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Anayenunua sarafu ya kale mtandaoni analipia picha na maneno ya mtu asiyemwona. Sarafu yenyewe ataishika pesa ikishatoka. Kila mara naletewa vipande vya bati lililopakwa rangi, na mwenye navyo anataka nimwambie thamani yake. Havina thamani. Akili mnazo, mnachokosa ni subira. Basi someni.

MAMBO YA KUFANYA

Jua uzito kabla ya kuulizia bei. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya mtawala huyo wa Austria, ina gramu 28 na kidogo, na upana wa takriban milimita 40. Rupia 15 ya dhahabu iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, ile yenye tembo, ina gramu 7.17. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mzani wa sonara na apige picha namba zikisomeka. Shaba iliyopakwa dhahabu, kwa ukubwa uleule, haifikishi uzito huo. Akikataa kupima, achana naye.

Omba picha ya ukingo. Pande mbili kila mtu anazipiga. Reale halisi ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka ukingoni. Ya kughushi mara nyingi ina ukingo mtupu, au mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukiuona mstari huo, biashara imeishia hapo.

Dai picha mpya. Jina lako na tarehe ya leo viandikwe kwenye karatasi, karatasi iwekwe kando ya sarafu. Picha za minada ya Ulaya zinaibwa kila siku. Mtu mwenye picha moja safi ya studio, asiyeweza kukupa ya pili, hana sarafu.

Hakiki cheti, kisha hakiki tena. Kampuni za kuhakiki sarafu kama PCGS na NGC hufunga sarafu katika kasha la plastiki lenye namba, na namba hiyo unaiangalia mwenyewe kwenye tovuti yao. Lakini makasha nayo yanaghushiwa, tena kwa namba za kweli zilizonakiliwa. Namba ikikubali, tafuta picha yake huko na ulinganishe doa kwa doa, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Rekodi video unapofungua kifurushi. Anza kabla hujakata gundi, maliza sarafu ikiwa kwenye mzani. Bila video, muuzaji atasema umeibadilisha wewe, na hutakuwa na la kujibu.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usilipie mwaka ulioandikwa. Reale zilizozagaa pwani yetu zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa. Ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20, si Vienna tu bali hata Roma, London na Bombay. Anayedai yake ni ya karne ya 18 alete ushahidi. Asipokuwa nao, lipa bei ya fedha iliyomo, usiongeze hata senti.

Usichanganye ukale na uhaba. Pesa ya shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 Hijria, ilitengenezwa kwa wingi na bado ipo kwa wingi. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ni fedha robo tu. Ya 1948 na kuendelea haina fedha kabisa. Tangazo likisema "fedha tupu, adimu sana", ama muuzaji hajui, ama anajua vizuri sana.

Usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua. Ikishafika kwake anaitoa, na namba anaizima. Tumia njia inayoshikilia malipo hadi mzigo ufike, au kutaneni dukani kwa sonara. Akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri, amuuzie huyo.

Usiguse sarafu ya Kilwa isiyo na karatasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zimo humo. Aliyeichimba usiku kwenye magofu hatakuwa uwanja wa ndege siku begi lako litakapofunguliwa.

Usiisafishe. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Kijana mmoja alipata rupia nzuri ya Kijerumani, Kaisari Wilhelm na kofia yake ya chuma, imekaa na weusi wake wa asili. Akaisugua ing'ae. Iling'aa kweli, na hakuna mkusanyaji aliyeitaka tena. Mikwaruzo ya brashi haifutiki. Ukiipokea, ishike ukingoni, iweke mahali pakavu, iache.

Utakapokuwa unauliza na kupima, sarafu nyingine zitachukuliwa na wenye haraka. Wachukue. Muuzaji mkweli huvumilia maswali kumi. Tapeli hukasirika kwa la tatu. Pima kwanza, lipa baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, usiniletee mezani nikuambie thamani yake.