Chura Asiyetaga Mayai

Masika yaanzapo, mabwawa ya Iringa na Mbeya huonekana ute wenye nukta nyeusi. Kila nukta ni yai la chura, na kila yai ni chembe moja tu ya uhai. Mbegu ya dume ikisha kuingia, chembe ile hugawanyika: mbili, nne, nane, kumi na sita. Wakati huo yai lenyewe halikui. Chembe zake huzidi wingi na kupungua ukubwa. Kisha hujipanga, hizi ziwe ngozi, hizi moyo, hizi ubongo. Ndipo hutokea kiluwiluwi mwenye mkia, naye huishi majini kama samaki mpaka aote miguu.

Lakini katika milima ya Rungwe yuko chura asiyetafuta bwawa. Gustav Tornier, mtaalamu Mjerumani, aliandika habari zake mwaka 1905: chura huyo huzaa! Je, ameiacha njia ya chembe moja? La. Yai lake hugawanyika vile vile, ila tumboni mwa mama. Mkia humea humo na kupotea humo, chakula kikiwa kiini cha yai. Watoto hutoka vyura kamili, wadogo mno.

Basi mama akifa, wote hufa naye. Ndugu yake wa maporomoko ya Kihansi, azaaye pia, alipungukiwa na manyunyu maji yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wengine waliofugwa Marekani walirudishwa bondeni.