Uvimbe Laini Kinywani: Tusihukumu kwa Dhana



Ndugu zangu wanafunzi, katika somo letu la afya leo nimechagua lipoma ya kinywa, yaani uvimbe wa mafuta usio saratani. Lipoma ni za kawaida mgongoni, mabegani na shingoni, lakini kinywani ni nadra. Huko hupatikana zaidi upande wa ndani wa shavu, na pia kwenye ulimi, mdomo au chini ya ulimi, hasa kwa watu waliopita miaka 40.

Haiumi, hukua polepole, ni laini ukiibonyeza, na ikiwa karibu na juu huonekana ya njano. Kwa kuwa haiumi, wengi hukaa nayo mpaka iwasumbue kutafuna au kusema. Wengine hutumaini kwamba wakifunga na kukonda itapungua. Haipungui, kwani mwili hauyatumii mafuta yake kama unavyotumia mafuta mengine.

Sisi tunaosomea udaktari wa meno tunafundishwa tusitosheke na macho na vidole. Vipo vinavyofanana nayo: kifuko cha mate kilichoziba, uvimbe wa tezi za mate na, mara chache sana, liposakoma, ambayo ni saratani ya mafuta. Ultrasaundi na MRI huonyesha ukubwa na kina cha uvimbe, lakini hakimu wa mwisho ni hadubini.

Daktari hutia ganzi, hutoa uvimbe wote, kisha huuweka ndani ya formalini. Hapo hutokea ishara nzuri: nyama nyingine huzama, ya mafuta huelea. Hata hivyo, kuelea si jibu. Mtaalamu wa patholojia huangalia kama seli za mafuta zimekomaa na kufanana, au zina viini visivyo vya kawaida. Ikiwa ni lipoma na imetolewa yote, ni nadra kurudi.

Basi, mzazi au jamaa yako akitolewa uvimbe, muulize daktari kwa adabu: "Umepelekwa maabara?" Najua gharama huwarudisha wengi nyuma, lakini bila jibu hilo familia inaishi kwa kukisia. Na sisi tutakaokuwa matabibu tukumbuke kwamba kipande kile ni amana ya mgonjwa. Kukitupa kwa kusema "ni mafuta tu" ni kumhukumu kwa dhana, na dini yetu imetukataza hilo.