Stima Chini ya Udongo

Mimi si fundi wa stima. Niko kidato cha tatu hapa Kitale, na kwetu ni Bungoma. Kilichonifanya nishike kalamu ni mkono wa mjomba wangu.

Khocha, kama tunavyomwita mjomba kwa Kibukusu, hupata riziki yake kwa kuchimba mitaro: leo ya mabomba ya maji, kesho ya msingi wa nyumba. Likizo ya Agosti alikuwa akichimba kando ya barabara mjini. Mtaimbo wake ukagonga kitu kigumu. Akadhani ni jiwe, akauinua tena na kuushindilia kwa nguvu zake zote. Pakatokea mlipuko na mwanga kama wa radi, naye akarushwa nyuma. Mungu alimnusuru, lakini viganja viliungua, na hadi leo vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Nilipomtembelea hospitalini aliniambia, "Mpwa wangu, juu nilitazama. Hakukuwa na nguzo wala waya. Ningejuaje?"

Swali hilo nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia. Badala ya kunijibu, akanipa kazi: nipange kwenye karatasi njia ya kebo ya stima kubwa chini ya mji wa Kitale, kisha nitetee kila nilichoamua. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua muda mrefu zaidi!

Nilianza na volti. Stima ya nyumbani ni volti 240. Ile inayozungushwa mitaani kabla ya kufika kwenye transfoma ndogo ni 11,000 au 33,000, na ile ya masafa marefu, kama laini ya kutoka Tororo, Uganda, inayopita upande wetu huu hadi Lessos, ni 132,000. Kwa nini zote hizo? Tuseme mtaa unahitaji megawati 10. Gawanya kwa volti, kisha kwa 1.732 kwa kuwa nyaya ni tatu. Kwa volti 11,000 utapata ampea 525 hivi. Kwa 33,000 ni 175 tu. Ampea zikipungua mara tatu, joto linalopotea katika waya ule ule hupungua mara tisa. Nikachagua 33,000, nikijua kwamba volti zikipanda, tabaka la plastiki linaloizuia stima isitoke lazima liwe nene zaidi.

Hilo joto ndilo mwalimu alilonikamata nalo. Waya wa juu hupozwa na upepo. Wa chini umevishwa plastiki na kufunikwa udongo, na joto lake lazima lipenye huko kote. Udongo wenye maji hulipitisha vizuri. Mkavu hulizuia kama blanketi. Mimi nilikuwa nimechimba shimo nyuma ya bweni mwezi wa Mei, nikaandika "udongo una unyevu wa kutosha". Mwalimu akapiga mstari mwekundu. "Rudi Februari," akasema. Kweli, Februari shimo lile lile lilikuwa vumbi tupu.

Wakubwa pia wamewahi kukosea hesabu hiyo. Mwaka 1998, katika mji wa Auckland, Nyuzilandi, kebo nne kuu za chini ya ardhi, za volti 110,000, ziliharibika moja baada ya nyingine kati ya Januari na Februari, na katikati ya mji kukawa na shida ya stima kwa wiki tano hivi. Kilikuwa kiangazi kikavu, na moja ya mambo yaliyogunduliwa ni kwamba udongo haukuondoa joto kama ilivyodhaniwa.

Njia yangu ya kwanza niliichora kwa rula, moja kwa moja. Kumbe kebo haipindwi kama kamba, mizizi ya miti hunyonya maji yote ya udongo, na mabomba yalishatangulia kupita. Tena kebo huja kwenye gurudumu kubwa, kwa vipande. Tukichukua kipande cha mita 500, kilomita 50 zina viungo 99 kwa kila waya, yaani 297 kwa nyaya tatu. Kiungo ndicho mahali dhaifu. Vumbi kidogo au tone la jasho la fundi laweza kukiharibu baadaye. Basi usikiweke kwenye bwawa, wala chini ya barabara ya malori ya mahindi.

Ndiyo maana sikupendekeza kuifukia stima kutoka Kitale hadi Bungoma. Gharama ni mara kadhaa ya nguzo, na kosa la chini hukawia kuonekana. Unguja hupata stima kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari tangu 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia hiyo hiyo. Kebo nyingine, ya megawati 100, ilikuja 2013. Mpango mzuri huwa na njia ya pili kabla ya giza.

Mwisho nikachora mtaro wenyewe: mita moja kwenda chini, mchanga laini, kebo, mchanga tena, vigae vya saruji, halafu utepe wa onyo, ndipo udongo. Pembeni nikaandika kwamba ramani iwekwe mahali ambapo yeyote anayetaka kuchimba anaweza kuiuliza.

Krismasi nilimwonyesha Khocha karatasi hiyo. Akaiangalia kwa muda, akaweka kidole palipo utepe. "Huu una rangi gani?"

"Mara nyingi ni wa manjano au mwekundu, Khocha."

"Mimi nilichimba toka juu kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. "Huo sikuuona."