Mende Sebuleni, Funza Kwenye Friji

Mtoto aliyezaliwa Leicester au Minneapolis akishakushawishi umnunulie mjusi, utagundua kuwa mjusi mwenyewe hana taabu. Taabu ni riziki yake, maana anataka kitu kinachotembea. Vifuatavyo ni vidokezo vya kuwaweka hai wadudu wake hadi siku ya kuliwa.

1. Wahamishe siku hiyo hiyo. Boksi la dukani ni la safari tu. Chukua kontena la plastiki lenye kimo na kuta laini, usimamishe trei za mayai wima ndani yake ili kinyesi kidondoke chini. Toboa kifuniko, kisha ziba matundu kwa wavu wa chuma. Wavu wa plastiki nyenje watautafuna, na usiku utawasikia wakiimba nyuma ya kabati la vyombo.

2. Ogopa unyevu kuliko njaa. Wengi wanaofuga nyenje huwaua kwa huruma: wanawawekea kibakuli cha maji. Wachanga wanazama humo, maji yanamwagika, kinyesi kinalowa, hewa ya amonia inapanda, na asubuhi unakuta msiba. Kipande cha karoti kinatosha kuwanywesha, mradi ukitoe kabla hakijaota ukungu. Joto liwe kati ya nyuzi 21 na 27. Ukizidisha, watakua haraka na kufa haraka, na hata kwa matunzo mazuri nyenje mmoja haishi zaidi ya wiki nane hadi kumi hivi. Waliokufa watoe kila siku, na usimwage boksi jipya juu ya la zamani bila kuosha kontena. Wenye mashamba wanalijua hilo vizuri: kirusi kimoja cha nyenje kilitikisa wafugaji wa Ulaya kuanzia 2002, kikafika Marekani mwaka 2009 na 2010, na kuna mashamba yaliyofungwa moja kwa moja.

3. Friji si ya kila funza. Funza wa unga, wale wembamba wa manjano, wanapenda nyuzi 7 hadi 10. Hapo wanazubaa na hawageuki pupa upesi. Mara moja kwa wiki watoe, wape pumba za ngano na kipande cha kiazi kwa siku nzima, halafu warudishe. Lakini wale funza wakubwa wanaofanana nao, wa jamii ya Zophobas, baridi ya friji inawaua. Hao waache chumbani. Na tafadhali andika jina juu ya kopo, kwa sababu pumba gizani hufanana mno na unga wa uji.

4. Mpe mende nafasi. Najua. Umelelewa kuwapiga ndala. Ila mende wa Dubia, asili yake Amerika ya Kusini, ndiye mdudu mstaarabu kuliko wote hapa: hapandi plastiki laini, haimbi, hanuki kama nyenje, na anaishi zaidi ya mwaka. Anataka giza, joto na trei za mayai, basi. Hatari yake ni binadamu. Bibi akija kutembea kutoka Tanga, mwambie mlangoni kabisa, kabla hajatafuta dawa ya kupuliza. Dawa ile haiishii kwa mende, kwani mjusi atakayemla mdudu aliyepuliziwa naye ataimeza.

5. Mshibishe mdudu kwanza. Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Siku moja au mbili kabla ya kumtoa, mpe sukuma wiki, karoti na kiazi kitamu. Saa ya kulisha ikifika, watie wadudu kwenye mfuko pamoja na unga kidogo wa kalsiamu, utikise. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mjusi anayekula hivyo hivyo bila nyongeza mifupa yake hulainika, miguu ikapinda. Funza wa nzi askari mweusi, ambaye Kenya na Uganda wanamfuga kwa chakula cha kuku, ana kalsiamu ya kutosha mwilini. Huyo huhitaji kumpaka kitu.

6. Pima kwa macho ya mjusi. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili.

7. Usiku, toa nyenje waliobaki. Wakikosa chakula watamng'ata mjusi akiwa amelala.

8. Usiokote wa bustanini. Huwezi kujua jirani amenyunyizia nini. Kibaya zaidi ni kimulimuli: wale wa Amerika Kaskazini wana sumu, na mmoja tu anaweza kumuua mjusi wa ndevu wa Australia. Mwambie mtoto mapema, kabla majira ya joto hayajaanza, kwa sababu hao ndio rahisi kuwakamata kuliko wadudu wote.