Mtu Aliyetafuta Njia Miaka 21

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mfundishao darasa la ubatizo, somo letu la mwezi huu lahusu mtu aliyeiacha dini ya wazazi wake, akapita mbele ya mlango wetu, akaenda kuingia penye mlango mwingine. Jina lake ni Bhimrao Ambedkar, mtu wa Bara Hindi, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika mji wa Mhow. Twamsoma kwa sababu hii: mara nyingi twadhani kwamba mtu abadiliye dini amefanya hivyo kwa siku moja, kama avuaye kanzu na kuvaa nyingine. Huyu, tangu aliposema kwamba ataondoka hata alipofika, zilipita siku nyingi mno.

Wazazi wake walikuwa Wamahar, watu ambao Wahindu wa matabaka ya juu waliwahesabu kuwa najisi, hata wasiguswe. Shuleni aliketi mbali na wenzake, juu ya gunia alilolichukua kutoka nyumbani. Akiona kiu hakuwa na ruhusa ya kuligusa bomba. Ilimpasa kumngoja mtumishi wa shule amfungulie, na mtumishi asipokuwapo, maji hakuna. Habari hii ya maji ishikeni, kwa maana tutaikuta tena mbele.

Alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule mwaka 1907, mwalimu mmoja, Keluskar, akampa kitabu cha maisha ya Budha alichokitunga mwenyewe. Kitabu kile kilimwingia moyoni, lakini hakikumwondoa alipokuwa. Akaenda kusoma New York, kisha London, kwa msaada wa mtawala wa Baroda.

Mwaka 1917 akarudi kumtumikia mtawala yule, na katika mji wote wa Baroda hapakuwa na nyumba iliyomkubali. Akaingia katika nyumba ya wageni ya Waparsi, wafuasi wa Zoroasta, akaandikwa kwa jina la Kiparsi. Siku ya 11 wakaja wanaume wenye fimbo, wakamtaka atoke. Alikuwa na rafiki wawili mjini. Wa kwanza, Mhindu, akamwambia kwamba akimpokea, watumishi wake wataondoka. Wa pili alikuwa Mkristo. Huyu akamjibu kwamba mkewe yuko safarini, atafika kesho, nao watashauriana. Baadaye Ambedkar akapata kujua maana ya jibu lile: mume na mke walikuwa wametoka katika ukoo wa Wabrahmani, na mke, ingawa ni Mkristo, alikuwa angali akizishika desturi za tabaka lake. Basi akaenda kuketi katika bustani ya mji hata jioni, akapanda gari la moshi kurudi Bombay.

Hapa tusipite upesi. Rafiki yule hakumtukana, wala hakumfukuza. Alisema maneno ya adabu. Nami nakiri kwamba nisomapo habari hii namfahamu sana mtu yule, maana kusema "tutashauriana" ni jambo tulilolizoea. Sisemi kwamba mlango ule mmoja ndio uliompeleka Ambedkar kwa Budha. Lakini aliyaona mengi ya namna ile, akayaandika: kwamba tabaka liliwafuata watu hata ndani ya makanisa. Wala sisi Walutheri hatumo nje ya lawama hiyo. Kule Tranquebar, alikofika Ziegenbalg mwaka 1706, katika karne ile ya 18 watu wa matabaka mbalimbali walitengewa mahali pao pa kuketi wakati wa ibada, wasichanganyike.

Mwaka 1927 aliongoza watu wa jamii yake mpaka bwawa la Chavdar, katika mji wa Mahad, akanywa maji yake mbele yao wote, nao wakanywa. Waliporudi wakapigwa. Tarehe 13 Oktoba 1935, katika mji wa Yeola, akasema kwamba alizaliwa Mhindu, jambo asiloweza kulizuia, lakini hatakufa Mhindu. Mara wakaja Waislamu, Wakristo na Masingasinga, kila mmoja akimwita kwake. Hakumfuata yeyote. Akasoma, akauliza, akasafiri hata Seilani mwaka 1950, na Burma mwaka 1954. Alitaka dini isiyogombana na akili, ihesabuye watu wote kuwa sawa, tena iliyochipuka katika udongo wa Bara Hindi yenyewe.

Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, yeye na mkewe Savita, aliyezaliwa Mbrahmani, wakasimama wamevaa nguo nyeupe. Mtawa mzee kutoka Burma, U Chandramani, akawaongoza kuyakiri makimbilio matatu, yaani Budha, mafundisho yake, na jamii ya watawa; na amri tano: kutoua kiumbe chenye uhai, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutolewa. Kisha Ambedkar akawageukia watu waliokusanyika, mamia ya maelfu, akawaongoza yeye mwenyewe, akiongeza viapo 22 alivyovitunga.

Wala hakuipokea dini ile kama alivyoikuta. Masimulizi ya zamani husema kwamba Budha aliacha nyumba ya baba yake kwa kuwaona mzee, mgonjwa na maiti. Ambedkar alikataa, je, mtu hufika miaka 29 asione mgonjwa? Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1957 aliandika kwamba Budha aliondoka kwa sababu ya ugomvi wa jamaa mbili juu ya maji ya mto Rohini, kwa kuwa alikataa kwenda vitani. Mtoto aliyenyimwa maji shuleni alimkuta mwalimu wake mtoni. Wako Wabudha waliomlaumu kwa kuibadili hivi habari ya kale.

Alikufa Delhi tarehe 6 Desemba 1956, kabla ya kutimia miezi miwili tangu siku ya Nagpur.

Kwa mkutano wa walimu: someni pamoja habari ya Baroda, kisha kila mmoja ataje mtu aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" katika usharika wake, na kama alirudi.