Tarakimu Zinazotia Nguvu Injini ya Dizeli

Wenzangu wengi wamekwisha kuona matangazo ya mafundi yasemayo kwamba motokaa ya dizeli yaweza kuongezwa nguvu kwa muda wa saa moja tu, wala isifunguliwe hata nati moja ya injini. Wengine husema huo ni uongo mtupu. Wengine husadiki kama asadikivyo mgonjwa dawa ya mganga. Nimeona vyema niandike habari hizi katika gazeti letu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli, nalo lafahamika kwa Fizikia ileile tunayofundishwa darasani. Tena wapo wazazi wasomao gazeti hili ambao riziki yao hutegemea motokaa, na yafaa wajue ni kitu gani wanauziwa.

Kwanza tukumbuke jinsi injini ya dizeli ifanyavyo kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuunda injini yake iliyofaa kwa kazi katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini hii haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huisonga hewa tupu mpaka ienee katika nafasi iliyo ndogo mara 15 au hata 18 kuliko ile ya kwanza, na hewa iliyosongwa hivyo hupata joto lipitalo nyuzi 500 za Sentigredi. Ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Aliyewahi kutia upepo tairi la baiskeli amekwisha kulionja jambo hili, maana pampu humchoma vidole.

Hapa pana tofauti kubwa na injini ya petroli. Katika petroli, mguu wa dereva hufungua njia ya hewa. Katika dizeli hewa huingia kadiri iwezavyo wakati wote, na mguu huomba mafuta tu. Basi ukitaka nguvu zaidi, nyunyiza dizeli zaidi. Hiyo ndiyo siri yote ya mafundi wale.

Lakini dizeli haiwaki bila hewa. Kilo 1 ya dizeli yahitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote. Na kwa kuwa ndani ya silinda muda wa kuchanganyika ni sehemu ndogo sana ya sekunde, hewa hiyo haitoshi. Yatakiwa kilo 18 au 20. Ikipungua, kaboni isiyoungua hutoka kwenye ekzosi, nasi huiona kuwa moshi mweusi. Kwa hiyo moshi ule si dalili ya nguvu, kama wanavyodhani madereva wengine, bali ni fedha ya mafuta itupwayo njiani.

Sasa tufanye hesabu. Injini ya Toyota Hilux iitwayo 2KD ina silinda 4. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 92, na mwendo wa pistoni ni milimita 93.8. Mwenye kalamu akokotoe. Atapata sentimita za ujazo 2494, yaani karibu lita 2.5. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, basi injini ikizunguka mara 2000 kwa dakika huvuta lita 2494 za hewa. Lita moja ya hewa ya pwani ina uzito wa gramu 1.2 hivi, kwa hiyo tuna karibu kilo 3 za hewa kwa dakika. Tugawanye kwa 20: tutapata gramu 150 za dizeli. Kilo moja ya dizeli hutoa megajuli 43 hivi za joto, basi gramu zetu 150 hutoa megajuli 6.45 kwa dakika, ambazo ni kilowati 107 na kitu. Injini nzuri hugeuza kama sehemu 2 katika 5 za joto hilo kuwa kazi, yaani kilowati 43. Joto lililobaki hutokea kwenye ekzosi na kwenye rejeta, wala halina faida kwa mwenye gari.

Kilowati 43 ni chache, na hii ndiyo sababu ya kuwako kwa tabo. Wazo lake alilipatia hati Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905: gurudumu dogo lizungushwe na moshi utokao, nalo lizungushe gurudumu la pili lisukumalo hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa maradufu, mafuta yaweza kuwa maradufu, na kazi kadhalika. Walakini hewa iliyosongwa hupata joto na kutanuka, hivyo watu huipitisha kwanza katika kipoza-hewa, chombo kilichofanana na rejeta, ili irudi kuwa nzito.

Nani basi aamuaye kiasi cha mafuta? Zamani ilikuwa pampu yenyewe, kwa springi na parafujo. Motokaa nyingi za Land Cruiser tunazoziona katika nchi yetu zina injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo hunyunyiziwa mafuta kwa pampu ya namna hiyo. Fundi akikuambia kwamba ataibadilisha ramani ya 1HZ, muage kwa heshima uende zako, maana haina ramani.

Lakini mwaka 1997 kampuni ya Alfa Romeo ilitoa motokaa ya 156, ambayo ilikuwa ya kwanza katika motokaa za abiria kutumia njia mpya. Katika njia hii dizeli hungoja ndani ya bomba moja nene kwa kani ipitayo ya hewa ya kawaida mara 1000, na kompyuta hufungua nozeli kwa umeme. Kompyuta haina akili ya kukisia. Ina majedwali ya tarakimu, mfano wa yale majedwali ya logi tutumiayo katika Hesabu. Upande mmoja husoma kasi ya injini, upande wa pili husoma mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, na pale mistari inapokutana hukuta miligramu za dizeli za kunyunyiza. Majedwali haya ndiyo mafundi huyaita ramani. Liko la kani ya tabo, la wakati wa kuanza kunyunyiza, la mpaka wa moshi, na la mpaka wa nguvu ya kuzungusha ambayo giaboksi yaweza kuivumilia. Kompyuta hutii lile liruhusulo kidogo kuliko yote. Kwa hiyo fundi abadilishaye jedwali moja tu hafanyi kitu. Na yule aondoaye mipaka yote kwa pamoja amemvua mlinzi bunduki.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Fundi huchomeka waya katika tundu lililo chini ya dashibodi, husoma tarakimu zilizomo, huweka nakala yake, hubadilisha anazotaka, kisha huziandika upya. Umeme wa betri ukikatika wakati wa kuandika, kompyuta yaweza kukataa kuamka kabisa. Wako pia wauzao kijisanduku cha kuunga kwenye waya wa kipima-kani. Kijisanduku hicho humdanganya kompyuta kwamba kani ya mafuta ni ndogo kuliko ilivyo, naye huiongeza. Mimi sikipendi, kwa kuwa kompyuta iliyodanganywa haiwezi kuilinda injini.

Tarakimu hizo zina mamlaka makubwa kuliko tunavyodhani.  Mwezi wa Septemba mwaka 2015 ulikuwa wa aibu ya Volkswagen. Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba motokaa za dizeli za kampuni hiyo zilikuwa zimeandikiwa maagizo ya kutambua kwamba zinapimwa, zikatoa hewa safi mbele ya wapimaji na hewa chafu barabarani. Kampuni ilikiri kwamba motokaa milioni 11 hivi duniani zilikuwa na maagizo hayo. Nasi tusilichukulie jambo la moshi kuwa mzaha, maana mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliutia moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Nirudi kwenye Hilux. Injini ile ya 2KD iliuzwa kwa nguvu mbalimbali. Ya kilowati 75 ina nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 260. Ya kilowati 106 ina nyutoni-mita 343. Silinda ni zilezile, ujazo ni uleule. Msomaji mwepesi atasema, “Basi andika tarakimu za ile kubwa katika ile ndogo, umemaliza!” Lakini watu wa kiwanda walipotaka kilowati 106 hawakuandika tarakimu peke yake. Waliweka tabo ya namna nyingine, yenye mabawa yanayogeuka, na wakaongeza kipoza-hewa. Walijua kwamba tarakimu huomba, na chuma ndicho kitoacho.

Mjomba wangu anayo ile ya kilowati 75, nayo hubeba bidhaa za duka kutoka Morogoro hadi Iringa. Ndiyo inayotulisha, na ndiyo iliyoninunulia godoro na madaftari ya shule. Fundi mmoja alimwahidi kuongeza theluthi ya nguvu ili asisumbuke katika mlima wa Kitonga. Wakati wa likizo mjomba akaniuliza, “Mpwa wangu, wewe unasoma Fizikia. Mtu huyu anasema kweli, au ananichezea?”

Nikamjibu, “Mjomba, anasema kweli, ila hajakuambia yote.”

Tukakaa na karatasi. Nguvu kwa kilowati ni nyutoni-mita zikizidishwa kwa mizunguko ya dakika, kisha zigawanywe kwa 9550. Kwa mizunguko 2000 gari lake hutoa kilowati 54. Gari na mzigo tulikadiria kilo 2800. Katika mlima upandao mita 8 kwa kila mita 100, kuuinua uzito huo kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwahitaji kilowati 25 hivi. Kwa kilomita 60, kilowati 37. Msuguano wa matairi na upepo huongeza kidogo. Kwa hiyo nguvu ya kupanda anayo. Theluthi ile ingempa haraka tu.

Kisha tukahesabu joto. Injini itoapo kilowati 54 za kazi hutupa kama kilowati 81 za joto. Ikitoa 72 itatupa 108. Nyongeza ni kilowati 27, sawa na pasi 27 za umeme za wati 1000 zikiwashwa pamoja chini ya boneti. Mwenye motokaa ndogo huko Ulaya hutumia nyongeza hiyo kwa sekunde chache apitapo gari jingine, kisha huinua mguu. Gari la mzigo mlimani huitumia dakika nyingi mfululizo, tena kwa mwendo mdogo ambapo upepo wa kupoza rejeta ni haba. Pistoni ni ya alumini, na alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Tena Iringa iko juu, zaidi ya mita 1500, ambako hewa ni nyepesi, na tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ipate kilo zilezile.

Nikamshauri mjomba amwulize fundi: baada ya kuongeza, joto la ekzosi litafika nyuzi ngapi gari likiwa na mzigo mlimani? Akauliza. Fundi akasema hajawahi kupima, ila wateja wake wote wamefurahi. Mjomba akarudisha fedha zake mfukoni, akampelekea fundi mwingine gari likaguliwe kwanza jinsi lilivyo. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi, na mpira utokao kwenye tabo ulikuwa na ufa, hewa inavuja kila gari lipandapo. Vyote viwili vikabadilishwa. Mahali alipokuwa akipanda kwa gia ya pili sasa anapanda kwa ya tatu, na moshi umepungua.

Habari ya ramani hajaiacha. Amesema siku akipata tabo na kipoza-hewa vya ile injini ya kilowati 106, ndipo atakapotafuta mtu wa tarakimu, na sharti awe na kipima-joto cha ekzosi. Nami nimeagizwa niwepo na kalamu yangu.